Mtoto Anapochagua Jenetiki: Neno kwa Wazazi na Wanafunzi



Kila mwaka, Alhamisi moja ya katikati ya mwezi wa Agosti, matokeo ya mitihani ya A-level hutangazwa hapa Uingereza, na katika nyumba nyingi za jamaa zetu siku hiyo huwa ama ya vigelegele ama ya kimya. Nimefundisha sayansi kwa miaka mingi, kwanza nyumbani Afrika Mashariki na baadaye huku ughaibuni, na nimeshuhudia kwamba kimya hicho aghalabu hakitokani na mtoto kushindwa. Hutokana na mtoto kufaulu, lakini kufaulu katika njia ambayo wazee wake hawakuitazamia. Wao walikwisha kumwita daktari tangu yungali shule ya msingi. Yeye amepata nafasi ya kusomea jenetiki. Mama huuliza kwa upole, "Na hiyo, mwanangu, ndiyo kazi gani?" Baba naye huwaambia wenzake nje ya msikiti kwamba mtoto anasoma "mambo ya hospitali", na mazungumzo yakahamia kwenye baridi ya mwaka huu.

Ninaandika kwa ajili ya mama huyo na baba huyo, na zaidi kwa ajili ya kijana aliye baina yao. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: asomaye jenetiki hahesabiwi kuwa aliyekosa udaktari. Ameingia katika elimu kamili yenye mlango wake, na mlango huo una masharti ambayo yafaa yajulikane mapema, kwa kuwa baadhi yake huamuliwa mtoto akiwa na umri wa miaka 16, wakati ambapo wengi wetu bado tunadhani kuna muda wa kutosha.

Jenetiki ni elimu ya urithi wa maumbile. Huuliza kwa njia gani sifa za mzazi humfikia mtoto, kwa nini ndugu wa tumbo moja hawafanani, na kwa nini maradhi fulani hujificha vizazi viwili kisha yakazuka kwa mjukuu. Kanuni zake za kwanza zilichapishwa mwaka 1866 na Gregor Mendel, mtawa aliyekuwa akipanda njegere katika bustani ya nyumba yao ya ibada mjini Brno, na ulimwengu haukumjali mpaka mwaka 1900, naye alikwisha kufariki miaka 16 kabla ya hapo.

Kwetu sisi elimu hii si ya mbali hata kidogo. Hakuna kati yetu asiyejua nyumba iliyoguswa na selimundu, ugonjwa ambao wengine huuita siko seli. Mwaka 1949, Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alizunguka nchi hiyo akichukua damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona kwamba wenye jeni ya selimundu walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na wachache katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wa sababu yake: mtu aliyeirithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Na wazazi wawili walioibeba bila wao wenyewe kuugua, kila mimba wanayojaaliwa ina fungu moja katika manne la kuzaa mtoto mgonjwa. Hiyo ni hesabu ile ile ya njegere za Mendel. Wangapi katika sisi tumeisikia ikielezwa kwa lugha yetu?

Tena elimu hiyo haikukomea kwenye kueleza. Mnamo Novemba 2023 Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuidhinisha tiba ya selimundu na ya thalasemia inayorekebisha jeni zenyewe, iitwayo Casgevy, na mwaka 2025 ikakubaliwa kutolewa na NHS kwa baadhi ya wagonjwa wa selimundu katika England. Seli za mgonjwa hutolewa, vinasaba vyake hukatwa mahali maalumu kwa kifaa cha kimaabara kijulikanacho kwa jina la CRISPR, ili mwili urejee kutengeneza ile aina ya hemoglobini aliyokuwa nayo mtoto tumboni mwa mamaye. Kisha seli hizo hurudishwa mwilini. Ni tiba nzito, inayotanguliwa na dawa kali, wala haimfai kila mtu. Lakini kijana anapokwambia anataka kusoma jenetiki, huenda ndiyo aliyoisikia.

Sasa tutazame ndani ya shahada yenyewe, kwani hapa ndipo wanafunzi wengi hushtuka. Hawatavaa koti jeupe na kumpima mgonjwa. Watakaa maabara na viumbe vidogo: bakteria, inzi wa matunda, na hamira. Mzazi anaweza kuona ni mzaha kulipa karo ya chuo kikuu ili mwanawe ahesabu macho ya inzi, lakini kwa kuwa inzi huzaana kwa muda wa siku kumi hivi, mwanafunzi huona vizazi kadhaa katika muhula mmoja. Katika hamira ipo moja ambayo Waswahili tuna haki nayo. Ilipatikana katika pombe ya mtama wa Afrika Mashariki, na mwaka 1893 mwanasayansi wa Kijerumani akaipa jina la kitaalamu, Schizosaccharomyces pombe. Kwa hamira hiyo Paul Nurse alifumbua jinsi seli inavyojigawa, akashiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2001. Basi neno letu moja limo katika maabara za dunia nzima. Ni bahati yetu kwamba si neno tulilolitaka.

Zaidi ya viumbe hao kuna hesabu. Vinasaba vya mtu mmoja vina herufi zipatazo bilioni tatu, na hazisomwi kwa macho, husomwa kwa kompyuta. Mwanafunzi atafundishwa takwimu, na katika vyuo vingi atafundishwa kuandika programu. Kijana anayeikimbia hisabati na kudhani baiolojia ni kukariri majina atapata taabu mwaka wa pili. Jambo jingine aliseme mapema na wazazi wake: nadharia ya mageuko ya viumbe imo katika kila kozi ya jenetiki, na huulizwa katika mitihani. Mwanafunzi hutakiwa aielewe na aijue hoja yake na ushahidi wake. Nimewafundisha vijana wa Kiislamu waliopita humo kwa utulivu na heshima. Waliotaabika ni wale walioambiwa kwamba halitatajwa.

Kuhusu kuchagua chuo, ushauri wangu ni mfupi: usisome jina la kozi, soma orodha ya masomo ya kila mwaka. Kuna "Jenetiki" tupu, kama Manchester na Sheffield; kuna "Jenetiki ya Tiba", kama Leicester, ambayo huelekea zaidi kwenye maradhi ya binadamu; na kuna vyuo ambapo jenetiki ni tawi la kozi pana. Cambridge humwingiza mwanafunzi katika Sayansi za Asili, akasoma mchanganyiko wa masomo miaka miwili, kisha akachagua jenetiki mwaka wa tatu. Edinburgh na Glasgow hufuata utaratibu wa Uskoti, ambapo shahada ya heshima huchukua miaka minne badala ya mitatu. Vyuo kadhaa vina mwaka wa mazoezi ya kazi kabla ya mwaka wa mwisho, na huo mimi nauthamini mno, kwa sababu kijana wetu asiye na mjomba kazini katika maabara hupata hapo mlango ambao wenzake wamefunguliwa na jamaa zao. Kozi hubadilika na nyingine hufungwa, basi hakikisheni kila jambo na chuo chenyewe.

Nimeitaja Leicester, nami sitaipita bila ya kuwakumbusha wasomaji habari yake, maana inatuhusu sisi wahamiaji. Katika chuo kikuu cha mji huo, tarehe 10 Septemba 1984, Alec Jeffreys aligundua njia ya kumtambua mtu kwa vinasaba vyake. Kesi ya kwanza iliyoamuliwa kwa njia hiyo, mwaka 1985, haikuwa ya mauaji. Ilikuwa ya kijana wa familia ya Ghana aliyezuiliwa na idara ya uhamiaji, ikidaiwa kwamba mwanamke aliyemwita mama hakuwa mama yake. Vipimo vilithibitisha kuwa ni mwanawe, naye akaruhusiwa kukaa naye. Ni familia ngapi baada ya hapo zimeunganishwa kwa kipimo hicho, au zimetenganishwa nacho, Mungu ndiye ajuaye idadi.

Tuje kwenye masharti. Vyuo vingi vyenye jina hutaka baiolojia na kemia katika A-level, au baiolojia pamoja na somo jingine la sayansi au hisabati. Kemia ndiyo inayowakwaza wengi. Mtoto wa miaka 16 huiacha kwa kuwa ni ngumu, akachukua baiolojia na masomo mawili mengine anayoyapenda, kisha miaka miwili baadaye hukuta milango kadhaa imefungwa bila yeye kujua ilifungwa lini. Ndugu mzazi, siku ya kuchagua masomo hayo nenda shuleni, hata kama Kiingereza chako si cha kutosha. Mchukue mtu akufasirie. Tena katika England kuna hati ya mazoezi ya maabara inayotolewa sambamba na alama za sayansi, na baadhi ya vyuo huitaka. Mtoto anayekosa vipindi vya maabara ajue hivyo.

Alama zinazotakiwa huwa kati ya A na B, kwa kutegemea chuo. Lakini vyuo vingi hupunguza sharti hilo kwa mwanafunzi anayetoka katika shule au mtaa ambao watu wachache huenda chuo kikuu, na kwa mkimbizi. Watoto wetu wengi wamo katika fungu hilo, na wazazi huona haya kulitaja, kana kwamba ni sadaka. Si sadaka. Waulizeni.

Maombi hupitia UCAS, nafasi tano kwa kila mwombaji. Wanaotaka Oxford, Cambridge au udaktari hufunga maombi yao tarehe 15 Oktoba. Wengine katika mwezi wa Januari. Kwa anayeomba udaktari, nafasi nne tu ndizo za udaktari, na ya tano hubaki kwa kozi nyingine. Hapo ndipo mgogoro wa nyumba nyingi hujificha: baba husema, "Jaza udaktari nne, na hiyo jenetiki iweke ya tano." Maelezo binafsi anayoandika mwanafunzi ni mamoja kwa nafasi zote tano, basi msomaji wa chuo cha jenetiki hukuta kurasa zinazosifu udaktari toka mwanzo hadi mwisho, naye hufahamu mara moja kwamba yeye ni akiba. Kama moyo wa mtoto uko kwenye jenetiki, mwacheni aombe jenetiki mara tano. Na ikiwa bado mnautamani udaktari, zipo kozi za miaka minne kwa waliokwisha kupata shahada. Ushindani wake ni mkubwa na sitawadanganya kuwa ni rahisi, lakini njia ipo.

Maelezo hayo binafsi sasa yana sura mpya. Kwa wanaoingia vyuoni kuanzia mwaka 2026 si insha moja tena; ni majibu ya maswali matatu: kwa nini unataka somo hili, masomo yako yamekutayarisha vipi, na umefanya nini nje ya darasa kujitayarisha. Yote kwa pamoja yasizidi herufi 4,000, nafasi baina ya maneno zikihesabiwa. Katika swali la kwanza vijana huandika kwamba tangu utotoni wamevutiwa na DNA. Msomaji wa chuo amekwisha kuisoma sentensi hiyo mara mia kabla ya chakula cha mchana. Nawaambia wanafunzi wangu: chukua utafiti mmoja, usome, na uonyeshe ulikufikirisha nini.

Nitatoa mfano ulio karibu nasi. Mnamo Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani yetu, ikiwamo Mtwapa, Manda na Kilwa. Watafiti walikuta kwamba kuanzia kama mwaka 1000 asili ya Afrika na ya Asia zilichanganyika hapo, na kwamba kwa walio wengi asili ya Kiafrika ilitoka zaidi upande wa wanawake, na ile ya Kiajemi upande wa wanaume. Hilo linaafikiana kwa sehemu na masimulizi ya Washirazi ambayo wanahistoria wengi walikuwa wakiyatilia shaka. Mwanafunzi hodari hataishia kwenye kustaajabu. Atauliza: walijuaje habari ya mama na baba wa mtu aliyekufa miaka 600 iliyopita? Ndipo atakapojifunza kwamba vinasaba vya mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake, na kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Kisha atauliza: waliozikwa katika makaburi ya mawe karibu na msikiti wanawawakilisha watu wote wa mji, au matajiri wake tu? Kijana anayeuliza hivyo katika aya moja amekwisha kuonyesha kuwa anaweza kusoma jenetiki. Tena ameonyesha kitu ambacho jirani yake darasani hanacho, yaani bibi wa kumsimulia habari za Washirazi.

Kwa swali la tatu, msifikiri ni lazima awe amefanya kazi hospitali. Aliyemsindikiza mdogo wake kliniki ya selimundu miaka mitano na kumfasiria mama yao maneno ya daktari, huyo ana la kuandika. Aliandike kwa uwazi, bila kujihurumia.

Suala la fedha lataka makala yake peke yake, lakini mambo mawili siwezi kuyaacha. La kwanza ni ukaazi. Ili mwanafunzi alipe karo ya wenyeji, ambayo katika England kiwango chake cha juu kilikuwa pauni 9,535 kwa mwaka wa masomo 2025/26, kwa kawaida hutakiwa awe na haki ya makazi na awe ameishi nchini miaka mitatu kabla ya kozi kuanza. Aliyepewa hadhi ya ukimbizi hasubirishwi miaka hiyo. Lakini jamaa zetu walioko Muscat na Dubai, ambao watoto wao wana pasipoti za Uingereza, wajue kwamba pasipoti peke yake haitoshi. Mtoto aliyekulia huko anaweza kuhesabiwa mgeni, na karo ya wageni katika kozi za sayansi ni mara mbili au tatu ya hiyo, au zaidi. Ulizeni chuo kwa maandishi kabla ya kukubali nafasi.

La pili ni riba. Mkopo wa serikali hutozwa riba, na hili limewazuia vijana wetu wengi, hasa mabinti wenye bidii. Serikali ilifanya mashauriano juu ya mpango mbadala unaokubalika kisharia mwaka 2014, na sheria ya mwaka 2017 ikaupa uwezo wa kuanzishwa. Hadi ninapoandika mstari huu wanafunzi bado wanausubiri. Mimi si mufti, na masheikh wamehitilafiana. Ninachoweza kusema kama mwalimu ni kwamba familia ilizungumze jambo hili mtoto akiwa na miaka 15, siyo wiki ya mwisho ya Agosti, kwa kuwa kuna njia zinazohitaji muda: kuweka akiba, kusoma chuo cha karibu na kuishi nyumbani, na kuomba ufadhili wa chuo chenyewe kwa wenye kipato kidogo. Wakaazi wa Uskoti wanaosoma huko huko hulipiwa karo yao ya shahada ya kwanza na serikali ya Uskoti.

Na baada ya shahada? Wengine huingia kwenye utafiti, wengine kwenye kampuni za dawa, wengine hugundua kuwa wanapenda kompyuta kuliko mirija. NHS ina mafunzo ya miaka mitatu ya wanasayansi wa hospitali, yenye mshahara na shahada ya pili ndani yake, na waombaji wake ni wengi kuliko nafasi. Katika matawi yake limo moja ninalolitamania jamii yetu kuliko yote: ushauri wa jenetiki. Mshauri huyo hukaa na familia akawaeleza kipimo kimesema nini, na uamuzi akawaachia wenyewe. Katika nchi hii kila mtoto mchanga hupimwa selimundu kwa tone la damu la kisigino. Matokeo hufika kwa barua au kwa simu, kwa Kiingereza. Nimewaona wazazi walioambiwa kuwa mtoto wao ni mbebaji tu, asiye na ugonjwa, wakarudi nyumbani wakilia kana kwamba wameambiwa ni mgonjwa. Nimewaona pia wachumba, watoto wa ndugu wawili, walioepuka kwenda kupimwa kwa kuogopa kwamba daktari atawahukumu. Wakimpata mtu anayejua nini maana ya mtoto wa ami, na anayejua kulitamka neno hilo bila ya kukunja uso, wataketi, watauliza, na watapimwa kabla ya harusi.

Nimalizie na siku ile ya Agosti. Ikiwa alama zimepungua, msitawanyike kwa huzuni. Kwanza piga simu chuo kilichotoa nafasi, kwani mara nyingine humpokea mwanafunzi aliyepungukiwa kidogo. Wakikataa, upo mpango wa nafasi zilizobaki, uitwao Clearing, na kozi za jenetiki huonekana humo mara kwa mara. Andaeni usiku wa kuamkia siku hiyo karatasi yenye namba ya UCAS, alama za GCSE, na vyuo vitatu mlivyokwisha kuvichunguza. Simu zianze kupigwa asubuhi mapema, na aongee mwanafunzi mwenyewe. Vyuo havizungumzi na mzazi ila mwombaji awe amemtaja kwenye fomu, na hata hapo hupenda kumsikia anayetaka kusoma. Baba akae karibu, amletee chai.